Mrija Mmoja, Ndama Arobaini



Ukisimama njiapanda ya Lamadi asubuhi, utaona mambo matatu. Upande mmoja ni Ziwa Victoria. Upande mwingine ni barabara ya kwenda Bariadi. Na ukifuata barabara ya Musoma mwendo mfupi tu, utafika lango la Ndabaka, ambapo watu huingia Hifadhi ya Serengeti.

Sisi wafugaji tumekaa katikati. Ng'ombe wetu hula majani upande huu. Nyati na nyumbu hula upande ule. Serikali iliweka mpaka, na watu wanaujua. Kupe haujui.

Leo nataka kukueleza habari ya mrija mmoja mdogo. Ni mwembamba, na dawa iliyomo haijazi hata kijiko kidogo cha chai. Lakini mrija huo unatosha kuchanja ndama 40 dhidi ya ndigana kali. Mimi ni bwana shamba. Cheti changu ni cha kilimo, na siku nyingi nimezungumza juu ya pamba na mahindi. Hata hivyo huku kwetu huwezi kumtembelea mkulima usiulizwe habari ya ng'ombe wake. Kwa hiyo nimejifunza.

SIKU YA MNADA

Mwaka mmoja tulipanga siku ya chanjo katika kijiji kimoja cha huku kwetu. Mtaalamu wa mifugo alikubali kuja na mtungi wake. Wafugaji waliandikisha ndama 40, na fedha za wengi zilikuwa zimeahidiwa kwa mdomo. Mimi ndiye niliyechagua siku. Sikuuliza kalenda ya minada.

Mtaalamu alifika saa mbili asubuhi. Tulingoja hadi saa nne. Ndama waliofika walikuwa 17. Wengine wote wenyewe walikuwa mnadani, na watoto walioachiwa ndama hawakuthubutu kuwatoa bila ruhusa.

Mtaalamu akaniuliza, "Bwana shamba, nifungue au nisifungue?"

Nikashindwa kujibu. Mzee mmoja aliyekuja mapema kuliko wote akasema, "Fungua, mwanangu. Wangu wako hapa tangu alfajiri."

Akafungua. Ndama 17 wakachanjwa. Dawa ya ndama 23 ikamwagwa shimoni jioni ile.

Kesho yake mama mmoja alikuja kwangu na ndama wake watano. Alikuwa ametembea nao tangu kulipokucha. Nikamweleza kwamba dawa imekwisha. Akasema, "Shemeji, jana mlimwaga, leo imekwisha?" Kisha akaniuliza swali ambalo limenikaa mpaka leo: "Kwa nini hao wanaoitengeneza wasitengeneze ya ndama mmoja mmoja, kila mtu akajinunulia yake dukani?"

Masika yale ndama wake watatu walikufa. Tezi zilivimba chini ya masikio, homa ikapanda, wakapumua kwa shida, povu likawatoka puani. Wewe mfugaji unaijua picha hiyo.

Swali lake lilikuwa zuri. Jibu lake ni refu kidogo, na linaanzia mbali na Lamadi. Tafadhali nivumilie.

JOSHO LA NCHI TATU

Kijiji kinapojenga josho, hakuna anayeuliza kwa nini kila mtu asijenge lake. Simenti ni ghali. Dawa ni ghali. Maji yanahitaji kuchotwa. Josho moja linatosha ng'ombe wa wote, mradi wote wachange na wote walete.

Maabara ya utafiti ni hivyo hivyo. Maabara ni nyumba ambamo wataalamu huchunguza magonjwa na kutafuta dawa. Vifaa vyake ni vya bei kubwa. Kwa hiyo baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati nchi zetu zilipokuwa bado chini ya ukoloni, Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekewa maabara moja ya pamoja ya magonjwa ya mifugo. Ilijengwa mahali panapoitwa Muguga, karibu na Nairobi. Nchi zetu zilipopata uhuru hazikuivunja. Ziliendelea nayo pamoja, na ilipoundwa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 1967, maabara ya Muguga ilikuwa moja ya mali za Jumuiya hiyo.

Pale Muguga ndipo ilipopatikana silaha iliyoua sotoka.

Vijana wengi leo hawaijui sotoka, na hilo lenyewe ni jambo la ajabu. Waulize wazee. Sotoka iliingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890. Ng'ombe alihara, mdomo ukajaa vidonda, akafa ndani ya siku chache. Katika sehemu nyingi ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa, na watu waliowategemea wakafa njaa. Nyati wa porini nao walikufa kwa wingi. Ugonjwa huo ulisababishwa na kirusi, yaani mdudu mdogo mno ambaye hata darubini ya kawaida haimwoni. Ni ndugu wa karibu wa kirusi cha surua ya watoto wetu.

Zilikuwapo chanjo kabla ya hapo. Mojawapo ilitengenezwa kwa kumpitisha kirusi katika mbuzi hadi akalegea. Lakini kwa aina fulani za ng'ombe ilikuwa kali, na wengine waliugua kwa sababu ya chanjo yenyewe. Mfugaji aliyeona hivyo hakurudi tena.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa Kiingereza aliyeitwa Walter Plowright na wenzake wa Muguga walitumia njia mpya. Madaktari wa Marekani walikuwa wamegundua kwamba kirusi cha polio, ugonjwa unaopooza watoto, kinaweza kuoteshwa ndani ya chupa, juu ya chembe hai za mwili, badala ya kuoteshwa ndani ya mnyama mzima. Plowright alichukua maarifa hayo ya magonjwa ya watu akayapeleka kwa ng'ombe. Alichukua chembe za figo ya ndama, akazilisha ndani ya chupa, kisha akaotesha juu yake kirusi cha sotoka. Kirusi kilipozaana alikihamishia chupa nyingine, kisha nyingine, mara 90 hivi. Mwisho kirusi kilisahau ukali wake. Ukimchoma ng'ombe haugui, lakini mwili wake unajifunza kumjua adui, na haisahau kazi hiyo maisha yake yote.

Angalia jinsi elimu inavyotembea. Kitu kilichotafutwa kwa ajili ya mtoto aliyepooza Marekani kikamkinga ng'ombe wa Msukuma.

Chanjo ile ilikuwa salama kwa ng'ombe wa kila aina, na ilitengenezwa kwa gharama ndogo. Kuanzia 1962 hadi 1976 nchi za Afrika zilifanya kampeni ya pamoja. Ng'ombe wa kila umri walichanjwa kila mwaka kwa miaka mitatu mfululizo. Nyumba kwa nyumba, zizi kwa zizi.

Nani alifaidika? Wewe na mimi. Lakini yuko mwingine ambaye hakuandikishwa popote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama robo milioni. Ndama wao walikuwa wakifa kila mwaka kwa sotoka. Hakuna aliyemchanja nyumbu hata mmoja. Walichanjwa ng'ombe waliokuwa wakiizunguka hifadhi, na sotoka ikakosa mahali pa kukaa. Kufika 1977 nyumbu walikuwa wamezidi milioni moja. Wale wageni wanaopita Lamadi na magari yenye paa lililo wazi, wakienda kutazama nyumbu, wanatazama kazi ya sindano iliyochomwa ng'ombe wa babu zetu. Sijui kama waongozaji wao huwaambia.

JUMUIYA INAVUNJIKA

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika. Ndege ziligawanywa, reli zikagawanywa, na maabara ya Muguga ikabaki Kenya. Kila nchi ikashika njia yake. Tanzania ilikuwa na maabara yake Temeke, Dar es Salaam, na kazi iliendelea. Lakini umbali uliongezeka kati ya wataalamu waliokuwa wakila meza moja.

Kwa upande wa sotoka, kampeni ya pamoja ilikuwa imekwisha mwaka mmoja kabla, na nchi nyingi za Afrika zililegea. Walidhani adui amekwisha. Mwaka 1982 sotoka ilionekana tena, ikaua nyati hapa hapa Serengeti. Ilibidi kuanza kampeni nyingine ya Afrika nzima kuanzia 1986. Mwaka 1997 ugonjwa uliingia tena kaskazini ya nchi yetu kutoka ng'ambo ya mpaka, ukafukuzwa kwa chanjo. Mara ya mwisho sotoka kuonekana duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Meru nchini Kenya. Mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba sotoka imefutika duniani. Katika historia yote ya wanadamu ni magonjwa mawili tu yaliyofutwa hivyo: ndui ya watu, na sotoka ya ng'ombe. Plowright alifariki mwaka 2010. Alikosa kuisikia habari hiyo kwa mwaka mmoja tu.

NDIGANA KALI NI NGUMU ZAIDI

Sasa turudi kwenye mrija wetu.

Ndigana kali hailetwi na kirusi. Inaletwa na kimelea, mdudu mdogo anayeishi ndani ya damu na ndani ya mate ya kupe wa sikio, yule wa rangi ya kahawia. Kupe mchanga hunyonya ng'ombe mwenye vimelea, huanguka chini, hujibadili ngozi, kisha hupanda ng'ombe mwingine na kumtemea vimelea hivyo.

Ndani ya mwili wa ng'ombe kimelea hufanya jambo la kutisha. Huingia ndani ya chembe nyeupe za damu, zile ambazo ni askari wa mwili, na kuzifanya zizaane bila mpango. Kimelea kinazaana pamoja nazo. Ndiyo maana tezi huvimba. Inafanana sana na saratani ya damu kwa binadamu, na kwa sababu hiyo wako wataalamu wa saratani wanaokichunguza kimelea hiki cha ng'ombe wetu ili waelewe ugonjwa wa watu.

Kimelea hiki hakikukubali kulegezwa kwa njia ile ya sotoka. Wataalamu wa Muguga wakatafuta njia nyingine, na kufika 1975 walikuwa wamekwisha kuieleza. Njia yenyewe inashangaza. Ng'ombe hupewa ugonjwa wenyewe, ulio hai na wenye nguvu zake zote. Papo hapo huchomwa sindano ya pili, ya dawa iitwayo oksitetrasaiklini, ile inayokaa mwilini siku kadhaa. Ugonjwa unaanza, dawa inauzuia usipande, na mwili unapata nafasi ya kujifunza. Ng'ombe akipona amekingwa kwa muda mrefu sana, kwa kawaida maisha yake yote.

Sindano mbili, siku moja. Anayechoma ya kwanza akasahau ya pili, amemwua ng'ombe kwa mkono wake. Kwa hiyo usimruhusu mtu asiyefundishwa kazi hii, hata akiwa rafiki yako, hata akikupunguzia bei.

Vimelea vinavyotumika ni vya aina tatu vilivyochanganywa, kwa sababu aina moja haitoshi kumfundisha ng'ombe kuwajua maadui wote. Mbili zilitoka Kenya, moja Muguga yenyewe na nyingine Kiambu. Ya tatu unaweza kubahatisha? Ilitoka Serengeti. Naam, jirani zetu hawa. Nilipomwambia yule mzee aliyesema "fungua", alicheka sana. Akasema, "Kumbe sisi tulitoa mbegu, halafu tunauziwa unga."

KWA NINI HAIUZWI MOJA MOJA

Hapa ndipo penye jibu la yule mama.

Chanjo hii haipikwi kwenye sufuria. Kwanza hufugwa kupe, maelfu kwa maelfu, ndani ya nyumba maalumu. Huwekwa juu ya ng'ombe mwenye vimelea wakanyonya. Wakiisha kujibadili kuwa kupe wakubwa, huwekwa kwenye masikio ya sungura kwa siku chache, kwa maana kimelea hakikomai katika mate ya kupe mpaka kupe aanze kunyonya. Kisha kupe hao hutolewa na kusagwa. Maji yanayopatikana huchujwa, huchanganywa na kitu cha kuvilinda vimelea visipasuke kwa baridi, hutiwa kwenye mirija na kugandishwa. Baada ya hapo kazi bado. Mirija kadhaa lazima ijaribiwe kwa ng'ombe, ili ijulikane kiasi gani kinatosha. Kikiwa kidogo hakifundishi. Kikizidi kinaua. Kazi yote hiyo, tangu kupe wa kwanza hadi mrija wa mwisho, huchukua zaidi ya mwaka.

Nani angeweza kujenga nyumba kama hiyo peke yake? Halmashauri yetu isingeweza. Hata nchi moja ingeona ni mzigo. Mwaka 2008 hivi, shirika la nchi zote za Afrika lilipoomba itengenezwe akiba mpya, kazi ilifanywa na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo kilichoko Nairobi, ambacho chanzo chake ni maabara iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya ndigana kali na ugonjwa wa mbung'o. Zilitengenezwa dozi zipatazo milioni moja. Baadaye utengenezaji ulihamishiwa Lilongwe, Malawi, kwenye kituo cha Afrika cha kupe na magonjwa yao.

Vimelea hivyo viko hai, na ili visife lazima vikae katika baridi isiyo ya kawaida. Jokofu la duka la Lamadi linalogandisha sangara halitoshi hata kidogo. Vinakaa ndani ya mtungi wenye naitrojeni iliyogeuzwa kuwa majimaji, baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Ni mtungi kama ule unaobeba mbegu za uhimilishaji, kama umewahi kuuona. Majimaji hayo hupungua kila siku hata usipofungua, na lazima yaongezwe.

Sasa fikiri mwenyewe. Mtungi ni mdogo. Dawa ikiwekwa ikiwa nzito, mtungi mmoja hubeba kinga ya maelfu ya ndama. Ikichanganywa na maji kabla ya kugandishwa ili kila ndama apate mrija wake, ingehitajika mitungi mingi mara arobaini. Nani angelipa? Kwa hiyo huwekwa nzito, na mtaalamu huichanganya hapo hapo zizini. Mrija ukiisha kuyeyuka haugandishwi tena. Vimelea huanza kufa. Ni lazima uishe siku hiyo hiyo, ndani ya saa chache.

Kuna habari njema kidogo. Mwaka 2019 watafiti wa Nairobi walieleza majaribio yao ya mirija yenye dozi chache, kwa ajili ya wafugaji wenye ng'ombe wachache wa maziwa. Mwulize mtaalamu wako kama mirija ya namna hiyo imefika anakonunua yeye. Ikiwa haijafika, ndama 40 ni wale wale.

NYATI WA JIRANI

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawapendi kulisema, nami nalisema kwa sababu tunakaa Lamadi.

Mwaka 2010 palifunguliwa rasmi Nairobi, kwenye kituo kile kile cha kimataifa, maabara ya pamoja ya nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Ndani yake mna mashine za kusoma chembe za urithi, yaani yale maandishi madogo ndani ya kila kiumbe yanayoamua kiwe nini. Mashine hizo ni ghali, kwa hiyo mtaalamu kutoka Tanzania, Uganda, Rwanda au Ethiopia aliweza kwenda na kazi yake, akakaa miezi kadhaa, akatumia mashine, akarudi kwao na majibu. Ni josho tena.

Kusoma kwa namna hii kumefunua mengi. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kwamba wamesoma chembe za urithi za zile aina tatu za vimelea vya chanjo. Walikuta ya Muguga na ya Serengeti zinafanana mno, karibu kama pacha. Ya Kiambu ndiyo iliyo tofauti. Na vimelea vinavyoishi ndani ya nyati ni vya namna nyingi zaidi kuliko vyote vitatu.

Maana yake ni nini kwetu? Nyati haugui ndigana kali. Anabeba tu vimelea. Kupe akinyonya nyati kisha akampanda ng'ombe wako, huenda akamletea adui ambaye chanjo haikumfundisha kumjua. Huko Laikipia, Kenya, ng'ombe waliochanjwa walipochungwa pamoja na nyati, chanjo haikuwakinga vya kutosha. Kwa upande mwingine, Wamasai wa kaskazini ya Tanzania, ambao nao wanakaa na wanyama wa porini, wamechanja ng'ombe laki kadhaa tangu mwisho wa miaka ya 1990, na wanasema ndama wao wanaishi.

Kwa maoni yangu chanjo inafaa hata huku kwetu, lakini usiichukue kama hirizi. Mwenye zizi karibu na mpaka wa hifadhi asiache kuogesha. Asichunge jioni kwenye majani ambayo nyati wamelala. Tena chanjo hii haizuii magonjwa mengine ya kupe, kama ndigana baridi na mkojo mwekundu. Na ng'ombe aliyechanjwa hubaki na vimelea kidogo mwilini. Kupe anaweza kuvichukua kwake akampelekea ndama wa jirani ambaye hakuchanjwa. Kwa hiyo anayechanja peke yake katika mtaa mzima anaweza kumponza jirani yake bila kukusudia. Afadhali mchanje wote.

SIKU YENYEWE

Wakati wa kuchanja ni ndama akiwa na afya. Ndama anayehara, aliyekonda au mwenye homa arudishwe nyumbani. Mtaalamu lazima akadirie uzito wa kila mmoja, kwa maana sindano ya pili hupimwa kwa uzito. Usimfiche kwa kusema ndama ni mdogo ili ulipe kidogo. Atapata dawa pungufu, na ugonjwa utamshinda.

Baada ya chanjo watazame ndama wako kwa majuma matatu. Wachache hupata homa na tezi kuvimba. Ukiona hivyo mwite mtaalamu siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Weka hereni ya sikio aliyovishwa, maana ndiyo shahada yake siku ya kuuzwa. Mnunuzi anayejua humlipa bei nzuri zaidi ndama mwenye hereni.

Ukitaka kuhakikisha kama kweli ng'ombe wako hufa kwa ndigana kali na si kwa jambo lingine, mwombe afisa mifugo achukue damu au maji ya tezi, yapelekwe maabara ya mifugo ya Serikali iliyoko Mwanza. Watu wengi husema "ndigana" kwa kila kifo. Nimewahi kuona ndama aliyesemwa ana ndigana, kumbe amejaa minyoo.

Yule mama nilimtembelea tena mwezi uliopita. Nilimweleza yote haya niliyokueleza wewe, habari ya kupe na sungura, habari ya mtungi na baridi yake. Alisikiliza huku akipepeta mtama. Nilipomaliza akasema, "Basi shemeji, kumbe wa kuulizwa siyo wao. Ni sisi."

Akaingia ndani akatoa daftari la shule la mtoto wake. Alikuwa amekwisha kupiga mistari. Upande mmoja aliandika jina la mwenye ndama, upande mwingine idadi, na upande wa tatu fedha aliyokwisha kutoa, si aliyoahidi. Yeye mwenyewe alijifunza kusoma ukubwani, na herufi zake ni kubwa na zimesimama wima. Amezunguka vitongoji vitatu. Wa kwanza katika orodha ni yule mzee. Siku imechaguliwa, na safari hii kalenda ya minada ameitazama yeye, hakuniachia mimi.

Ninapoandika habari hii, daftari lina ndama 38.